Sarufi Katika Nyimbo za Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Katika mambo yanayolitambulisha taifa, lugha na wimbo ni ndugu wasioachana. Lugha huupa wimbo maneno, nao wimbo huipa lugha miguu ya kutembelea. Kitabu cha sarufi hukaa kabatini kikimngoja msomaji. Wimbo haungoji mtu. Huingia nyumbani kwa tajiri na kwa maskini bila kupiga hodi, ukamkuta mama jikoni, fundi karakanani na mtoto kitandani. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kujua Kiswahili cha kesho kitakuwaje hana budi kusikiliza nyimbo za leo zinaimbwaje.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika shule za mkoa wa Kigoma, na katika miaka hiyo hapana shtaka nililoletewa mara nyingi kuliko hili: kwamba nyimbo zinaiharibu lugha. Wazee wa Ujiji hulisema barazani baada ya sala ya alasiri. Walimu wenzangu hulisema wakisahihisha insha. Wazazi hulisema wanapowasikia watoto wao wakiimba maneno ambayo wao wenyewe wasingethubutu kuyatamka mbele ya mkwe. Wapo pia wa upande wa pili, hasa vijana, wasemao kwamba muziki hauna sarufi, na kwamba aendaye dansini na kamusi mkononi amepotea njia. Mimi sikubaliani na kundi lo lote kati ya hayo mawili. Nionavyo, neno hili “kosa” limebebeshwa mizigo mitatu isiyolingana, na mpaka mizigo hiyo itenganishwe tutaendelea kuwaadhibu wasio na hatia na kuwaachia wenye hatia.

Kabla ya kuitenganisha, yafaa tukumbuke sisi wa mwambao huu ni nani. Ujiji ni mji wa Kiswahili ulio mbali sana na bahari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilipita Tabora ikafika Ujiji, na kutoka Ujiji watu wakavuka ziwa kwenda Manyema kutafuta pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia yetu, watumwa. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na Stanley akamkuta Livingstone mjini humo mwaka 1871. Wote hao walipita katika njia ambayo lugha ilikwisha kuipita kabla yao. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alijipatia mamlaka makubwa ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili kikabaki huko hata baada ya mamlaka yake kwisha. Kisha migodi ya shaba ya Katanga ikawakusanya watu wa makabila mengi, nao wakaifanya lugha hiyo kuwa lugha ya kazi na ya mtaa.

Kwa hiyo Kiswahili cha ng'ambo si mgeni kwetu. Ni mtoto aliyekwenda kuishi mbali, akaoa huko, akajenga, na baada ya miaka mingi akarudi na gitaa begani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi, na gitaa la mtu yule likasikika mbali sana na migodi ya kwao. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wa Orchestra Maquis waliotoka Kongo waliweka makao Dar es Salaam. Remmy Ongala, aliyezaliwa karibu na Kindu mwaka 1947, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978, na kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao akayaimba mambo ya wanyonge hata akapendwa na taifa zima hadi alipofariki mwaka 2010. Watu wa Kigoma hatukuhitaji kuwangojea wanamuziki hao wafike mji mkuu. Reli iliyofika kwetu mwaka 1914 ina zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, ilhali milima ya Kongo huonekana kwa macho siku ambayo hewa imetakata.

Yafaa pia tukumbuke kwamba wimbo ulianza kukieneza Kiswahili kabla sarufi sanifu haijatulia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Hivyo, wakati wataalamu walipokuwa wakishauriana ni lahaja ipi ifundishwe shuleni, sauti ya mwanamke wa Unguja ilikuwa tayari safarini ndani ya sahani za santuri. Nasi wa Ujiji tunaye wa kwetu katika habari hizi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kiliwafundisha watu wengi maana ya vina na mizani. Mji uliomzaa mtu huyo hauwezi kuambiwa kwamba haujui thamani ya neno lililopangwa.

Sasa natwaa mzigo wa kwanza. Haya ni yale yaitwayo makosa ambayo kwa hakika ni haki ya mtunzi. Wataalamu wa ushairi wetu waliyapa majina zamani. Kulifupisha neno huitwa inkisari. Kulirefusha huitwa mazida. Kuibadili sauti yake bila kuibadili mizani huitwa tabdila. Na kuupangua mpango wa kawaida wa maneno huitwa kuboronga sarufi. Mshairi husema “nendako” badala ya “niendako”, na “langu jina” badala ya “jina langu”, nasi tunamsifu kwamba ana ufundi. Basi ni kwa haki gani mwimbaji wa gitaa akifanya hayo hayo aambiwe kwamba hakusoma? Kama shairi lina mizani yake, na wimbo una mapigo yake. Anayemruhusu mmoja na kumkataza mwingine hahukumu lugha, anahukumu mavazi.

Upo mfano mmoja ambao kila mtu wa mwambao huu anaujua. Wenzetu wa ng'ambo huimba “mutoto”, “mutu” na “muti”, nasi tumezoea kucheka. Lakini hebu tuyapime maneno hayo kwa kipimo cha mshairi. “Mtoto” ina mizani tatu, kwa sababu ile “m” ya mwanzo husimama peke yake kama silabi kamili. “Mutoto” nayo ina mizani tatu. Hapana kilichoongezeka wala kilichopungua. Tofauti iko katika koo la mwimbaji. Silabi ya “m” peke yake hutamkwa midomo ikiwa imefungwa, na sauti ya midomo iliyofungwa haiwezi kupaa juu ya magitaa na tarumbeta. Mwimbaji akitaka kuikokota silabi hiyo, hana budi kuipa irabu ya kupumulia. Tena hiyo “mu” si uzushi wa Kongo. Sisi wenyewe tunaitumia katika “muumba” na “muungano”, na lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka hazikuiacha kamwe.

Katika mzigo huu huu lipo kosa ambalo hakuna anayelilalamikia, ingawa lafaa kuangaliwa kuliko hayo mengine. Ni kosa la mkazo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Neno “barabara” likikazwa katika silabi ya tatu ni njia kuu. Likikazwa katika silabi ya pili lina maana ya sawasawa au kwa uthabiti. Mtunzi akilazimisha neno hilo lifuate pigo la ngoma bila kufikiri, msikilizaji hajui kama ameambiwa habari za uthabiti au habari za lami. Hapo haki ya mtunzi imefika mpakani. Uhuru wa kuligeuza neno hukoma pale ambapo neno huacha kumaanisha kile alichotaka liseme.

Mzigo wa pili ni mzito zaidi, nao ndio unaoniumiza moyo. Haya ni yale yaitwayo makosa ambayo kwa kweli ni kanuni za Kiswahili cha mahali pengine. Ng'ambo ya ziwa husemwa “batoto banalia”. Mtu wa pwani husikia fujo. Lakini mwenye sikio la sarufi husikia kwamba kiambishi cha nomino na kiambishi cha kitenzi vinalingana sawasawa, “ba” kwa “ba”, kama vile kwetu “wa” inavyolingana na “wa”. Husemwa pia “katoto kanalia” na “tutoto tunalia”, kwa maana ya kitoto na vitoto. Ngeli hiyo ya udogo ya “ka” na “tu” inajulikana katika Kiha, katika Kirundi na katika lugha nyingi za bara. Kilichopungua ni kwamba Kiunguja hakikuwa nayo wakati kilipochaguliwa. Husemwa “niko na nyumba” badala ya “nina nyumba”, na “juu ya nini” badala ya “kwa nini”. Maneno haya si sanifu, na mwanafunzi hana ruhusa ya kuyaandika katika mtihani wa taifa. Lakini kutokuwa sanifu si sawa na kutokuwa na sheria.

Hata Kiha chenyewe kimewahi kuhukumiwa hivyo. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo uitwao “Leka Dutigite”. Mtu asiyejua lugha zetu angeweza kudhani kwamba “du” ile ni “tu” iliyotamkwa na ulimi mzito. Sivyo. Katika Kiha, kama katika Kirundi, kiambishi cha “tu” hugeuka kuwa “du” kinapofuatwa na sauti kama “t” au “k”, na cha “ku” hugeuka kuwa “gu”. Ndiyo maana kufanya kazi ni “gukora”, bali kwenda ni “kugenda”. Mtoto wa Kiha wa miaka minne huifuata kanuni hii bila kukosea, ingawa hajui kwamba wataalamu wameiandikia vitabu. Ulimi tunaoucheka ndio unaotii sheria ambayo sisi hatuijui.

Nasema jambo hili linaniumiza kwa sababu nimeona linavyomfanya mtoto. Katika shule moja niliyopata kufundisha alihamia msichana ambaye wazazi wake walivuka ziwa wakikimbia vita. Siku za mwanzo aliitwa asome kwa sauti, na kila palipoandikwa “watoto” yeye alisoma “batoto”. Darasa zima lilicheka. Hakuna aliyemkaripia mtu, kwa kuwa ilionekana ni mzaha wa watoto. Tangu siku hiyo msichana yule hakufungua kinywa darasani kwa muda uliokaribia muhula mzima. Akiulizwa, alisimama akatazama dawati. Kisha ikaja sherehe ya kuwaaga wanafunzi wa darasa la saba, na wale wale waliomcheka wakamzunguka wakimwomba awaongoze katika wimbo wa ng'ambo uliokuwa ukipendwa wakati ule. Akaimba. Wakaitikia kwa furaha, na katika kuitikia wakazitamka “ba” zote walizomcheka nazo, wakacheza hadi vumbi likapanda.

Nililiwaza jambo lile usiku kucha. Watoto wale hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wamejifunza kwetu sisi wakubwa kwamba Kiswahili kile chafaa kuchezwa lakini hakifai kusemwa. Kwamba twaweza kuipokea burudani ya jirani huku tukimkataa mwenyewe. Juma lililofuata niligawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja nikaandika Kiswahili Sanifu, na upande wa pili Kiswahili cha ng'ambo, nikamwomba msichana yule aujaze upande wa pili. Alisitasita, kisha akaandika. Wenzake wakaanza kumwuliza, naye akawa anajibu: hivi husemwa Uvira, hivi husemwa Kalemie, hivi husemwa na bibi yake tu. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akizitofautisha sehemu zile mbili kuliko mwanafunzi ye yote darasani, na insha zake hazikuwa na “ba” isipokuwa pale mhusika wa hadithi alipotoka Kongo. Hakukiacha Kiswahili cha nyumbani kwao. Aliongeza cha pili. Nadhani hivyo ndivyo elimu ya lugha ipaswavyo kuwa.

Mzigo wa tatu ndio wa makosa ya kweli, nami sitaki mtu adhani kwamba kwa kuwatetea wengine nimekuja kuyafunika haya. La kwanza ni la ajabu, kwa maana limeliingia jina la wimbo wenyewe. Wimbo mmoja ni “wimbo huu”. Nyimbo nyingi ni “nyimbo hizi”. Lakini siku hizi mwimbaji husimama jukwaani akasema “nyimbo yangu mpya”, mtangazaji akarudia “nyimbo hii”, na watoto elfu wakasikia. Hapa hapana pigo la ngoma lililomlazimisha mtu, wala lahaja ya babu iliyomtaka aseme hivyo. Ni uzembe tu. Na uzembe huu una gharama, kwa kuwa ukiuondoa umoja na wingi wa neno, umeondoa uwezo wa kusema kwa neno hilo kama ni moja au ni mengi.

La pili ni upatanisho wa sarufi. “Moyo yangu” si Kiswahili Sanifu, wala wimbo haukuwa na haja nayo, kwa kuwa “moyo wangu” ina mizani nne kama hiyo hiyo. Mtunzi aliyeacha lililo sahihi akachukua lisilo sahihi lenye urefu ule ule hawezi kujitetea kwa muziki. Hapa yatupasa tuwe waangalifu, maana lugha yenyewe ina huruma zake. Tunasema “rafiki yangu” wala hatusemi “rafiki wangu”, ingawa tunasema “rafiki amekuja”. Yapo pia mambo ambayo wajuzi hawajakubaliana. Nyimbo nyingi husema “sitoweza” badala ya “sitaweza”, na wapo watu wa pwani, waliozaliwa ndani ya lugha, wasemao hivyo kila siku. Katika mambo kama hayo mwalimu hufundisha umbo la kitabuni, lakini haifai amwite mwimbaji mjinga.

La tatu ni kuchanganya “l” na “r”, nalo latuhusu sana sisi wa mkoa huu, kwa maana lugha zetu za nyumbani hazikutuzoeza kuzitenga sauti hizo mbili kama Kiswahili kizitengavyo. Katika mazungumzo, uso na mkono wa msemaji humsaidia msikilizaji. Katika wimbo hakuna uso. Kijana akilalamika kwamba hana “mahali”, twamwonea huruma kwamba hana pa kuishi. Akilalamika kwamba hana “mahari”, twaelewa kwamba wakwe wamemkataa. Yote mawili ni majonzi, na yote mawili yafaa kutungiwa wimbo, lakini hayafarijiwi kwa namna moja. Vivyo hivyo mwananchi anayehimizwa katika wimbo wa hadhara “kupiga kura” asisikie habari za “kula”, kwa maana mambo hayo mawili yamekwisha kuchanganywa vya kutosha katika siasa za dunia bila msaada wa waimbaji.

Kwa nini nayaona makosa haya kuwa jambo la kutilia maanani? Kwa sababu mwalimu husema neno mara moja au mbili, na wimbo hulisema mara mia. Mwanafunzi asikiaye “nyimbo hii” redioni, garini na harusini, huja kuandika “nyimbo hii” katika karatasi ya mtihani na katika barua ya kuomba kazi, naye hupoteza alama na huenda akapoteza kazi. Mwimbaji aliyemfundisha hayo hayupo pale kumlipia. Mtoto wa mwenye nacho atasahihishwa nyumbani na vitabu vyake. Mtoto wa mvuvi wa dagaa, ambaye kitabu chake kikubwa ni redio, atabaki na kosa lake. Kwa hiyo uzembe wa mtunzi huwaangukia zaidi wale wale wanyonge ambao nyimbo hudai kuwatetea.

Wapo watakaosema: basi na turudishe ukaguzi wa zamani. Wakati Radio Tanzania Dar es Salaam ilipokuwa ndiyo mlango mkubwa wa muziki nchini, maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Mpango ule ulikuwa na faida yake, kwa maana uliwalazimisha watunzi kuandika maneno yao na kuyatazama kabla ya kuyaimba. Lakini ulikuwa na ubaya wake pia, kwa maana kalamu inayofuta kosa la sarufi huweza kufuta na ukweli usiopendwa. Tena mlango ule haupo. Redio za watu binafsi zilianza katika miaka ya 1990, na leo kijana hurekodi wimbo chumbani kwake na kuutuma kwa simu usiku huo huo. Bawabu hawezi kulinda nyumba isiyo na kuta. Kilichobaki ni kulizoeza sikio.

Nami nimeona kwamba sikio huzoezwa. Kijana mmoja wa huku kwetu, avuaye dagaa na migebuka usiku na kuimba harusini siku za mapumziko, alikuja kwangu na daftari lake. “Shikamoo, Mwalimu,” akasema, “nimeambiwa hapa pana makosa, nami sitaki kuchekwa Dar es Salaam.” Tuliketi mkekani tukapitia mstari kwa mstari. Alikuwa ameandika “mutoto wa ziwa”, nami nikamwuliza kwa nini asiseme “mtoto”. Hakunijibu kwa maneno. Aliimba mara mbili, mara ya kwanza kwa “mu”, mara ya pili kwa “m”. Ile ya pili ilizama kama chambo. Nikamwambia, “Mwanangu, hiyo iache kama ilivyo, hiyo ni haki yako.” Mbele kidogo alikuwa ameandika “nyimbo hii nakutungia”. Nikamwambia aimbe “wimbo huu”. Akaimba, akasikia kwamba mapigo hayakupungua hata moja, akacheka, akachukua kalamu akafuta mwenyewe. Hatukuwa na kanuni nyingine usiku ule isipokuwa hii: kila neno lijieleze kwa nini limekaa pale.

Kanuni hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa taifa. Shule zetu zizitumie nyimbo kama matini ya somo. Wanafunzi waulizwe ni lipi katika wimbo ni haki ya mtunzi, ni lipi ni lahaja, na ni lipi ni uzembe. Mtoto anayeweza kutenga hayo matatu anaijua sarufi kuliko yule aliyekariri ngeli. Watangazaji, ambao kusema ndiyo kazi yao ya mshahara, waanze kwa kulitaja neno “wimbo” ipasavyo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1984, yakae pamoja na watunzi mikoani, si kwa kuwashitaki bali kwa kuwasomesha na kuwasikiliza. Na wataalamu waje huku ziwani waandike Kiswahili chetu na cha majirani zetu kama kinavyosemwa, kabla wazee wanaokijua hawajatutoka.

Wakati wa kufanya hayo ni huu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na katika kila moja ya hizo wapo watu wasemao Kiswahili. Tukikishika Kiswahili Sanifu kama fimbo ya kuwachapia wengine, watakikimbia. Tukikiacha kila mtu akifinyange apendavyo, baada ya miaka mingi tutahitaji mkalimani kuvuka maji ambayo babu zetu walivuka kwa mtumbwi na lugha moja.

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini hawakusema kwamba wazee wakae barazani wakilalamika huku neno likiharibikia ngomani. Na waende huko huko vijana waimbako, wasikilize mpaka mwisho kabla ya kusahihisha. Nao vijana wawaachie nafasi mkekani.